Mtu Kuitwa na Mtu Kutenda: Tafakuri juu ya Neno "Rogue"

Ndugu walimu wenzetu, sisi ambao maneno ndiyo jembe letu hatuna ruhusa ya kuyachukua kijuujuu. Neno laweza kuonekana jepesi katika kamusi, kumbe limebeba mgongoni historia ya watu waliopigwa viboko na kutiwa gerezani. Mojawapo ya maneno ya namna hiyo ni neno la Kiingereza "rogue". Mwanafunzi akitutaka tafsiri yake, aghalabu tutampa "laghai", "ayari", "mjanja" au "tapeli", naye ataridhika. Lakini akiifungua Kanuni ya Adhabu ya Uganda kama ilivyotumika kwa miaka mingi, atalikuta neno hilo hilo likiwa jina la kosa, pamoja na mwenziwe "vagabond", na adhabu yake ni kifungo cha miezi 6 kwa mara ya kwanza na mwaka 1 kwa kila mara ifuatayo. Na atakapochungua ni nani hasa aliyeitwa kwa jina hilo, ataona kwamba haikuwa lazima mtu huyo awe amemlaghai yeyote, wala kumwibia, wala kumpiga.

Hapo ndipo lizaliwapo swali tunalokusudia kulijadili katika makala haya: Je, ni haki kumwadhibu mtu kwa lile aitwalo, kabla ya kuthibitisha lile alilolitenda? Swali hili si la mahakimu peke yao. Ni la kila mtu atumiaye lugha, na la mwalimu kuliko wengine wote.

Neno "rogue" lilianza kuenea katika Kiingereza katika karne ya 16. Wako walihusishao na kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuomba. Kwa vyovyote, watu wa kwanza kuitwa hivyo walikuwa waombaji na watembezi wa barabarani. Uingereza ya wakati ule ilikuwa imejaa watu wa namna hiyo. Kati ya mwaka 1536 na 1540 Mfalme Henry wa Nane alizifunga nyumba za watawa, ambazo ndizo zilizokuwa zikiwalisha maskini. Katika sehemu nyingi mabwana wa ardhi walizungushia ua mashamba yaliyokuwa ya wote, wakafuga kondoo mahali palipokuwa pakilimwa. Bei za vyakula zilipanda, na askari waliotoka vitani wakarudi bila kazi. Watu wakaingia barabarani kutafuta riziki.

Wenye mali waliwaona watu hao, wakaingiwa na hofu, na hofu yao ikatafuta maneno. Mwaka 1567 Thomas Harman, bwana mmoja wa Kent, alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kuwaonya wananchi juu ya hao waliozurura. Ndani yake aliwagawa watu hao katika makundi na kulipa kila kundi jina lake. Kisha akaorodhesha maneno ya lugha waliyodaiwa kuisema kwa siri, na mwishowe akaorodhesha majina ya watu wenyewe. Yafaa sisi walimu wa lugha tulizingatie jambo hili. Mojawapo ya orodha za kale za maneno ya mitaani katika Kiingereza haikutungwa kwa kuipenda lugha wala kwa kuwapenda wasemaji wake. Ilitungwa ili wasemaji hao watambulikane na kukamatwa.

Baada ya kitabu ikaja sheria. Mwaka 1572 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyoamuru kwamba mtu aliyethibitishwa kuwa "rogue" apigwe viboko, na ukano wa sikio lake la kulia uchomwe kwa chuma cha moto, isipokuwa apatikane mtu wa kumchukua awe mtumishi wake kwa muda wa mwaka mzima. Akirudia mara ya tatu, adhabu yake ilikuwa kifo. Mwaka 1604 ikaongezwa alama: yule aliyehesabiwa kuwa haonyeki alichomwa herufi R katika bega la kushoto. Hivyo neno halikukaa tena kinywani mwa watu tu. Liliandikwa katika ngozi ya mtu, naye akawa anatembea na hukumu yake popote aendapo.

Basi ni nani walioitwa hivyo? Sheria ya 1572 iliwataja watu wazima wenye afya wasio na ardhi, bwana wala kazi inayojulikana. Iliwataja wachuuzi wadogo na mafundi wa vyombo wazungukao vijijini bila ya kibali cha mahakimu. Iliwataja wanafunzi wa Oxford na Cambridge waombao bila ya ruhusa ya wakuu wa vyuo vyao. Iliwataja pia wapiga ala na waigizaji wa michezo wasiokuwa chini ya ulinzi wa bwana mkubwa. Ndiyo sababu kundi la waigizaji alilokuwamo William Shakespeare lilijulikana kwa jina la mkuu wa nyumba ya Malkia, na kuanzia mwaka 1603 kwa jina la Mfalme mwenyewe. Huyo ambaye tamthilia yake Mwalimu Julius Nyerere aliifasiri kwa Kiswahili mwaka 1969 na kuiita Mabepari wa Venisi, angalikosa bwana wa kumwegemea, angaliweza kuhesabiwa na sheria pamoja na wazururaji. Vipaji vyake vingalikuwa vile vile. Ambacho kingalikosekana ni jina la mkubwa wa kumkinga.

Tukiitazama orodha hiyo kwa makini, tutaona kuwa watu hao hawakuunganishwa na uovu wowote wa pamoja. Mchuuzi hakufanana na mwanafunzi, wala mwanafunzi hakufanana na mpiga ala. Walilofanana ni moja tu, kwamba hawakuwa na bwana. Matumizi mengine ya neno hilo yanatuthibitishia maana hii. Waingereza humwita hivyo tembo aliyetengana na kundi lake. Wakulima wao huuita hivyo mmea uliojiotea shambani usiofanana na mimea mingine, nao huung'oa hata kama hauna ugonjwa. Katika matumizi yote haya, kosa ni kuwa nje ya kundi.

Sheria hizo za kale zilirekebishwa mara nyingi, hata ikafika sheria ya mwaka 1824 iliyowapanga watu hao katika madaraja matatu: wavivu na wakorofi, kisha hao "rogues" na wazururaji, kisha wale wasioonyeka. Sheria hiyo ilisafiri pamoja na bendera ya Uingereza. Ilipofika mwaka 1930, Kenya, Uganda na Tanganyika kila moja ilipewa Kanuni yake ya Adhabu, na ndani yake walimo wazururaji wale wale wa Kiingereza. Mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Viktoria akawa anahukumiwa kwa jina lililotungwa kwa ajili ya waombaji wa Kent.

Kwa serikali ya kikoloni jina hilo lilikuwa na manufaa makubwa. Mwafrika alitakiwa mjini pale tu alipohitajiwa kazini. Katika Dar es Salaam Waingereza hawakuhangaika kutafuta tafsiri, kwa maana walilikuta neno la Kiswahili lililowafaa, nalo ni "mhuni". Wazee walilitumia neno hilo kwa mtu asiyeoa, asiye na mji wa kudumu, mwenda huku na huku. Ndani yake mlikuwa na lawama, lakini si lawama ya jinai. Mikononi mwa wakubwa wa kikoloni "wahuni" wakawa jamii nzima ya watu wa kukusanywa na kurudishwa makwao. Wala hatuwezi kuyatupa yote juu ya mgeni. Mwaka 1983, miaka zaidi ya 20 baada ya Uhuru, Tanzania iliendesha kampeni ya Nguvu Kazi, na watu walioshindwa kuonyesha kuwa wana kazi waliondolewa mijini. Nia iliyotangazwa ilikuwa njema, yaani kila mtu afanye kazi. Lakini mizani iliyotumika ilikuwa ile ile ya kale: mtu alitakiwa kwanza kuthibitisha kuwa yeye si fulani.

Sasa natuitazame lugha yetu yenyewe, kwani ina somo zuri la kutupa. Majina mengi ya wahalifu katika Kiswahili yamejengwa juu ya vitenzi. Mwizi ni mtu aliyeiba. Mnyang'anyi ni mtu aliyenyang'anya. Mwuaji ni mtu aliyeua. Hata hilo neno "mhalifu" lina kitenzi chake, kuhalifu, yaani kwenda kinyume cha amri. Jina la namna hii lina deni ndani yake. Anayelitumia anadaiwa tendo, siku ya tendo, na mtu aliyetendewa. Ukisema, "Huyu ni mwizi," mimi nami nina haki ya kukuuliza, "Ameiba nini? Cha nani? Lini?" Ukishindwa kujibu, jina hilo limekuponyoka mdomoni bila ya haki.

Huenda msomaji akatupinga kwa kusema kwamba "mzururaji" nalo lina kitenzi, yaani kuzurura. Ni kweli, nasi hatudai kwamba sarufi peke yake yaweza kutuongoza katika maadili. Lakini tukitazame kitenzi chenyewe. Kuzurura ni kutembea, ila ni kutembea kunakotazamwa na mtu asiyependezwa nako. Miguu ya mzururaji haina tofauti na miguu ya msafiri. Tofauti iko katika jicho la mtazamaji. Wahenga wetu walilijua jambo hili, ndiyo maana walituachia methali za pande zote mbili. Walisema, "Mtembezi hula miguu yake," wakimwonya apotezaye wakati. Wakasema pia, "Tembea uone," wakimsifu atafutaye maarifa. Hawakuthubutu kumhukumu mtembezi kabla ya kujua safari yake.

Hoja nzito zaidi ya wanaoitetea sheria hii ni kwamba jamii ina haki ya kujilinda kabla ya kudhurika. Je, tungoje mpaka mlango uvunjwe? Hoja hii haifai kudharauliwa, hasa na watu waliowahi kuamshwa usiku kwa kelele za wanyang'anyi. Sisi wa Uganda tunawakumbuka makondo, na hatuna sababu ya kuwaonea haya. Lakini kondo aliitwa hivyo kwa sababu alivunja, alipora na aliua. Tena sheria haikosi njia za kuzuia uovu kabla haujatimia. Kujaribu kuiba ni kosa. Kula njama ni kosa. Kukutwa usiku na vyombo vya kuvunjia nyumba ni kosa. Yote hayo ni matendo yanayoweza kushuhudiwa na kupingwa kwa ushahidi. Ama "kutokuwa na njia ya riziki inayoonekana" na "kushindwa kujieleza vema", ambayo ndiyo maneno yaliyokuwa katika kifungu cha 168 cha sheria yetu, si matendo. La kwanza ni umaskini. La pili ni hofu ya mtu wa kawaida asimamapo mbele ya askari.

Na kweli, sheria hii haikuwalenga watu wote sawasawa. Mwenye gari hakuulizwa anakwenda wapi usiku. Aliyeulizwa ni mwenda kwa miguu. Mwaka 2015 huko Malawi, mchuuzi mmoja aliyekuwa njiani alfajiri kwenda kuuza mifuko ya plastiki alikamatwa na kushtakiwa kwa kifungu cha namna hiyo. Alikuwa akienda kazini, ila kazi yake haikuonekana kuwa kazi machoni pa waliomkamata. Mwezi wa Januari 2017 Mahakama Kuu ya Malawi ilikitangaza kifungu hicho kuwa ni kinyume cha katiba. Mwezi wa Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ilitoa maoni yake kwamba sheria za uzururaji zinapingana na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake. Na mwezi wa Desemba 2022 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilivibatilisha vile vifungu vidogo viwili vilivyomtaja mshukiwa asiye na riziki inayoonekana na mtu aonekanaye akitembeatembea. Mwaka huo huo wa 2022 Bunge la Uingereza nalo lilipitisha uamuzi wa kuifuta sheria mama ya 1824.

Je, basi mambo yamekwisha? Hatudhani hivyo. Mahakama yaweza kufuta kifungu, lakini haiwezi kufuta neno vinywani mwa watu. Na lugha ina upendeleo wake. Tazameni jinsi "rogue" lilivyogeuka tamu kwa Waingereza wenyewe. Kijana wa nyumba kubwa akifanya ukorofi, huitwa hivyo kwa kuchekwa na kupendwa. Mtoto mtundu huitwa hivyo na babu yake. Neno lile lile lililochomwa begani mwa maskini ni ubembelezi shavuni mwa tajiri. Nasi je? Katika hadithi twamcheka Sungura na kumshangilia Abunuwasi, ambao ujanja wao ni udanganyifu mtupu. Kijana wa mtaani anayeishi kwa ujanja mdogo kuliko huo twamwita muyaye, na twafunga mlango apitapo. Mkubwa aliyekula fedha za dawa za hospitali husemwa kuwa "amefuja". Mtoto aliyechukua ndizi sokoni ni "mwizi". Mkubwa amepewa kitenzi, na kitenzi hupita. Mtoto amepewa jina, na jina hukaa.

Tena kuna hatari iliyo kubwa kuliko kifungo. Katika miji yetu, mtu mmoja akipiga kelele ya "Mwizi!", mawe huokotwa kabla swali halijaulizwa. Wangapi wameuawa barabarani kwa neno hilo moja, ilhali waliowapiga hawakujua hata ni kitu gani kilichoibwa? Methali yasema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Ni methali ya busara kwa mtu anayejihadhari. Lakini mbele ya mtu aliyeshikwa ni methali ya kuua, na yatupasa kuwafundisha wanafunzi wetu mipaka yake. Mbele ya mshtakiwa, lisemwalo lapaswa kwanza kuthibitishwa.

Chama chetu kina sababu ya pekee ya kulijali jambo hili. Hapa Uganda, Kiswahili chenyewe kimekuwa mshtakiwa kwa muda mrefu. Kwa kuwa kilisemwa jeshini na polisini, na kwa kuwa wananchi wengi walikisikia kutoka kwa watu wenye bunduki waliokuja kuwapora, kiliitwa lugha ya askari na ya wezi. Wazazi waliwakataza watoto wao wasikiseme nyumbani. Swali letu la tangu mwanzo larudi hapa kwa sura nyingine: lugha hii ilitenda nini? Kiganda kimesemwa na wezi, Kiingereza kimesemwa na wezi, na hakuna lugha duniani isiyojua kuamuru, "Lete fedha!" Walioiba walikuwa watu, nao wana majina yao. Hata hivyo Kiswahili kilibeba hatia yao. Mabadiliko ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliafiki kwamba kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini kila mwalimu anayeingia darasani leo bado hukutana na mabaki ya hukumu ile katika nyuso za baadhi ya wazazi.

Sisi tulioonja uchungu wa kuhukumiwa kwa jina, tusiwe wepesi wa kuwahukumu wengine kwa jina. Mwalimu ana uwezo mkubwa katika jambo hili kuliko anavyodhani. Kalamu ikipotea darasani, ni rahisi kumtazama mtoto yule yule aliyewahi kushikwa mwaka jana. Mwalimu akisema, "Ulichukua kalamu ya mwenzako, irudishe," amelitaja tendo, na tendo lina mwisho wake. Akisema, "Wewe ni mwizi," amemfunga mtoto katika kitu asichoweza kukirudisha. Wenziwe watalichukua jina hilo na kwenda nalo mpaka nyumbani, na mtoto mwenyewe aweza kufikia kuamini kwamba hana jingine. Hatusemi makosa yafichwe. Kosa lisemwe waziwazi, liadhibiwe kwa kiasi chake, kisha liachwe pale lilipotendeka.

Kwa hiyo twapendekeza zoezi moja dogo katika mafunzo ya msamiati, hasa kwa madarasa ya juu. Wanafunzi wakusanye majina ya lawama watumiayo watu wa mtaa wao, ya Kiswahili na ya lugha nyingine. Kwa kila jina waulize maswali matatu. La kwanza, je, lina tendo ndani yake, au lina hali tu, kama vile umaskini, ugeni na kukosa kazi? La pili, ni nani aliyelitunga, naye alikuwa akimwogopa nani? La tatu, je, mkubwa akitenda jambo hilo hilo huitwa kwa jina hilo, au hutafutiwa neno laini? Mwanafunzi aliyezoea kuuliza maswali hayo atakuwa amejifunza zaidi ya msamiati. Siku atakapoisikia ile kelele barabarani, huenda akawa mtu mmoja katika umati atakayesema, "Ngojeni kwanza. Amefanya nini?"